SHEIKH ABDULRAHMAN AL-KAWAKIBI: MWANACHUONI ALIYEUPIGA VITA UDHALIMU KWA KALAMU

 

Ndugu msomaji, tumezoea katika kurasa hizi kukuletea khabari za wanachuoni waliotutangulia, ili tujue walivyoishi na tupime maisha yetu kwa maisha yao. Leo tumekuchagulia mtu ambaye jina lake hutajwa mara haba katika darasa zetu, ingawa vitabu vyake vimepigwa chapa mara nyingi katika nchi za Waarabu. Huyu ni Sheikh Abdulrahman Al-Kawakibi wa Halab, katika nchi ya Sham.

Tumemchagua kwa sababu ya maneno yanayosikika sana misikitini na barazani: kwamba mambo ya utawala ni uchafu wa dunia, hayamhusu mtu wa dini; kwamba Muislamu akisha kuswali na kufunga na kutoa Zaka amekwisha wajibu wake, na kuwa ni nani atawalaye, na vipi atawala, na fedha za umma zimekwenda wapi, hayo si shauri lake. Sheikh huyu aliishi na akafa akiyakanusha maneno hayo, wala hakuyakanusha kwa kuiacha dini, bali kwa kuishika.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Alizaliwa Halab, kwa kauli iliyo mashuhuri, mwaka wa 1271 wa Hijra, yaani 1855. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa elimu na sharafu. Baba yake, Sheikh Ahmad, alikuwa mwalimu katika Msikiti Mkuu wa Halab na katika madrasa ya ukoo wao, iliyojulikana kwa jina la Al-Kawakibiyya. Mama yake alikuwa mtu wa Antakia, naye alifariki mtoto yungali mdogo. Basi akalelewa na mama yake mdogo huko Antakia, na huko ndiko alikojifunza Kituruki. Aliporudi Halab alisoma katika madrasa ya wazee wake: lugha ya Kiarabu, fikihi na ilimu nyingine za sharia, pamoja na Kiajemi, na akaongeza kwa juhudi yake mwenyewe ilimu za historia, sheria za serikali na mambo ya mataifa.

Nataka uliangalie jambo hili, ewe msomaji. Mtu huyu hakutoka katika skuli za Wazungu, wala hakuletewa fikira zake katika sanduku kutoka Paris. Alikalia mkeka kama tulivyoukalia sisi, akasoma matini na sharhi zake kama tulivyosoma sisi.

ZAMA ZAKE

Katika siku hizo Sham ilikuwa chini ya Dola ya Uthmaniya, na Sultani wake alikuwa Abdul-Hamid wa Pili, aliyetawazwa mwaka wa 1876. Mwaka huo huo Dola ilitoa Katiba, na mwezi wa Machi 1877 bunge la kwanza likafunguliwa Istanbul, wakaketi humo wajumbe wa dini na makabila mbali mbali. Watu wengi walitumaini kuwa mlango umefunguka. Lakini Februari 1878 Sultani aliifunga majlisi hiyo, na ikakaa imefungwa miaka thelathini. Katika miaka hiyo majasusi walienea, magazeti yakatiwa mkono wa ukaguzi, na neno moja lisilopendeza likatosha kumtia mtu kifungoni.

Wala usidhani kuwa Sultani hakuwa na masheikh. Alikuwa nao wengi, na mkubwa wao alikuwa Sheikh Abul-Huda As-Sayyadi, mtu wa upande huo huo wa Halab, aliyepanda hata akawa karibu sana na kiti cha enzi. Kwa nguvu zake alipata cheo cha unakibu wa masharifu wa Halab, ambacho ukoo wa Al-Kawakibi ulikuwa ukikihesabu kuwa ni haki yake. Hapo ndipo uadui ulipoingia. Masheikh hawa wawili walitoka upande mmoja wa nchi na kusoma vitabu vya namna moja. Mmoja akaifanya ilimu yake ngazi ya kumpandia Sultani, na wa pili akaifanya mizani ya kumpimia Sultani.

MAGAZETI YAKE

Kazi yake ya kwanza ya kalamu ilikuwa katika gazeti la serikali la Halab, lililoitwa Al-Furat, lililotoka kwa Kiarabu na Kituruki. Hakukaa sana akaona kuwa gazeti la serikali haliwezi kuwa jicho la raia, kwani mwenye kulilisha ndiye mwenye kulisemesha. Basi mwaka wa 1877, mwaka ule ule wa bunge, akaanzisha gazeti lake mwenyewe, Ash-Shahba, kwa jina la lakabu ya mji wa Halab. Leseni yake ilichukuliwa kwa jina la rafiki yake, kwani alikhofu kuwa akiomba yeye atanyimwa. Hilo ndilo gazeti la kwanza la Kiarabu la watu binafsi katika mji huo.

Gazeti hilo liliandika juu ya maovu ya watumishi wa serikali na taabu za raia. Halikumaliza matoleo ishirini ila liwali alilifunga. Mwaka wa 1879 akatoa jengine, Al-I'tidal, maana yake ni wastani, nalo likafungwa vile vile. Liwali hakuvumilia hata wastani! Na hii ndiyo ada ya watawala wa namna hiyo: hawamchukii mwenye kusema uwongo juu yao kama wamchukiavyo mwenye kusema kweli kwa adabu.

BABA WA WANYONGE

Kalamu ilipozuiwa, hakukaa kitako akingoja faraja. Alishika kazi mbali mbali za umma katika mji wake: katika mabaraza ya ilimu na fedha, katika chama cha wafanya biashara, katika mahakama ya sharia, na akafika kuwa mkuu wa baraza la mji wa Halab. Kila alipoingia alijaribu kutengeneza, na kila alipotengeneza aliwagusa watu wenye kula kwa njia ya haramu. Basi mara huwekwa na mara huondoshwa.

Mwisho alifungua ofisi, akawa anawaandikia watu mashitaka yao na kuwatetea mbele ya serikali. Mkulima aliyenyang'anywa shamba, mjane aliyepotezewa hati yake, fundi aliyetozwa kodi isiyokuwa na asili, wote walimwendea, na masikini hakuwatoza kitu. Watu wa Halab wakampa jina la Abu-dh-Dhuafaa, yaani Baba wa Wanyonge.

Tuzingatie hapa kidogo. Sisi tumezoea kuhesabu ibada kwa rakaa na nyiradi, na hizo ni nguzo hazina badali. Lakini kumwandikia mnyonge barua ya kudai haki yake kwa mtawala, nayo si ibada? Kuamrisha mema na kukataza maovu tumekufanya kuwa ni kumkemea kijana aliyevaa vibaya na mwanamke aliyekwenda harusini. Ama yule aliyekula fedha za barabara na za hospitali, huyo tunampa kiti cha mbele siku ya maulidi. Al-Kawakibi aliona kinyume cha hivyo: kuwa munkari ulio mkubwa ni ule unaowadhuru watu wengi, na kuwa wa kwanza kukatazwa ni mwenye nguvu kabla ya mnyonge.

KIFUNGO NA KUHAJIRI

Malipo yake kwa kazi hiyo hayakuwa mengine ila mateso. Alifungwa, akaachiliwa. Kisha liwali mmoja, Arif Pasha, akamzulia jambo la khatari kuliko yote: kuwa ana mapatano na dola ya kigeni ya kuitia Halab mikononi mwao. Mahakama ya Halab ikamhukumu kufa. Yeye akadai kuwa hukumu haiwezi kuwa ya haki katika mji ambao mshitaki wake ndiye liwali, akataka kesi yake isikizwe mahali pengine. Ikapelekwa Beirut, na huko ikadhihiri kuwa yote ni uzushi, akaachiliwa huru.

Katika kisa hiki mna somo. Aliokoka kwa kuwa palikuwapo kadhi asiyekuwa chini ya mkono wa mshitaki wake. Lau mahakama zote za Dola zingekuwa mkononi mwa liwali mmoja, shingo yake ingalikatwa, na vitabu tunavyovieleza hapa visingaliandikwa. Basi mtu asidhani kuwa uhuru wa mahakama ni pambo la Wazungu. Ni damu za watu.

Alipoona kuwa mji wake haumweki tena, akatoka kwa siri kwenda Misri, akafika Kairo katika mwaka wa 1899. Misri nayo ilikuwa imekaliwa na Waingereza tangu mwaka wa 1882, na hilo lilikuwa msiba kwa Waislamu. Lakini mkono wa majasusi wa Sultani ulikuwa mfupi huko, na magazeti yalikuwa na nafasi ya kupumua. Huko alikutana na Sheikh Rashid Rida, mwenye jarida la Al-Manar, na Sheikh Ali Yusuf, mwenye gazeti la Al-Muayyad, na wengine katika watu wa islahi.

VITABU VYAKE VIWILI

Kitabu chake cha kwanza ni Umm Al-Qura, nacho alikitoa kwa jina la kujificha, As-Sayyid Al-Furati. Ndani yake ametunga mkutano ambao haukuwako ila katika fikira zake: wajumbe zaidi ya ishirini kutoka nchi mbali mbali za Kiislamu wamekutana Makka kabla ya Hija ya mwaka wa 1316, ili wachungue sababu za unyonge wa umma. Kitabu kizima kimeandikwa kama kumbukumbu za mkutano. Yuko mwenyekiti wa Makka, yuko katibu, kuna ajenda na kanuni, na kila mjumbe anasema kwa zamu yake na mwenziwe anamjibu bila ya kumtukana. Mmoja anasema ugonjwa ni ujinga, mwengine anasema ni kufuata bila ya dalili, mwengine ni kutegemea kudura na kuacha kazi, mwengine ni udhalimu wa watawala, mwengine ni wanachuoni waliouza ilimu kwa vyeo. Hakuna anayewanyamazisha wenzake kwa ukubwa wa kilemba chake. Umbo lenyewe la kitabu ni mafundisho: alitaka Waislamu waone kwa macho yao shura inakaaje.

Kitabu cha pili ndicho kilichomtia katika historia, nacho ni Tabai' Al-Istibdad, yaani Tabia za Udhalimu wa Utawala. Kilianza kwa makala katika Al-Muayyad, kisha akayakusanya na kuyazidisha. Istibdadi, kwa maelezo yake, ni mtawala kuyaendesha mambo ya watu kwa atakavyo, bila ya kumwogopa wa kumwuliza wala wa kumhesabu. Na hapo ameongeza jambo ambalo wengi hulisahau: kuwa serikali haiepukani na aibu hiyo kwa kuwa na katiba tu, au kwa kuwa watawala wake wamechaguliwa. Wenye kutekeleza wasipohesabiwa na wenye kutunga sheria, na wenye kutunga sheria wasipohesabiwa na raia, istibdadi ingali pale pale, imebadili nguo tu.

Kisha akaingia katika mlango ulio mgumu kuliko yote, nao ni istibdadi na dini. Waandishi wengi wa Ulaya walidai kuwa udhalimu wa watawala umezaliwa na dini. Yeye aliyatazama maneno hayo kwa insafu, akasema kuwa ni kweli kwa dini zilizoharibiwa na wenyewe, wala si kweli kwa Kurani. Pale watu wanapofundishwa kumbusu mkono sheikh na kumwogopa kwa siri yake, na kuamini kuwa haulizwi kwa alitendalo, huwa wamekwisha zoezwa kumwogopa mtawala namna hiyo hiyo. Wanampa mja sifa za Muumba: haulizwi, hashirikishwi, hashukuriwi ila yeye. Basi dawa yake ni tauhidi. Mwenye kuamini kwa kweli kuwa ukubwa ni wa Mwenyezi Mungu peke yake, hawezi kumsujudia binadamu kwa moyo wake, hata akiinamishwa kwa mwili.

Akatoa dalili zake katika Kurani yenyewe. Mtume wetu, aliyekuwa akishukiwa na wahyi, aliamrishwa awatake shauri masahaba zake. Na waumini wamesifiwa kuwa mambo yao ni ya kushauriana. Malkia wa Sabaa hakukata jambo ila aliwakusanya wakubwa wake. Na hata Firauni, kwa jeuri yake yote, aliwataka shauri watu wa baraza lake juu ya Nabii Musa. Akawataja na Makhalifa Waongofu, walioshirikiana na raia zao katika raha na katika taabu. Na ile amri ya kuwako katika umma watu wenye kuamrisha mema na kukataza maovu, yeye aliifahamu kuwa miongoni mwa maana zake ni kuwako jamii ya watu wa kuwasimamia na kuwaangalia watawala.

Katika mlango wa ilimu amemfananisha mtawala dhalimu na walii khaini aliyewekwa juu ya mayatima wenye mali. Walii huyo hapendi mayatima wabaleghe, kwani siku watakapojua hesabu ndiyo siku yake ya mwisho. Kwa hivyo dhalimu haogopi ilimu zote. Haogopi watu wakibishana juu ya nahau, wala wakishughulikia mambo ya akhera tu. Anaogopa ilimu inayomfundisha mtu haki yake ni ipi, na vipi aidai, na vipi ailinde.

Na mwisho wa kitabu ametaja namna ya kuuondoa udhalimu, nao ndio mlango unaoonyesha akili yake. Amesema kuwa umma usioyahisi maumivu ya udhalimu haustahiki uhuru. Kuwa udhalimu haupigwi vita kwa nguvu na fujo, bali kwa upole na hatua kwa hatua. Na kuwa ni lazima kwanza watu wajue watasimamisha kitu gani mahali pake. Kwani wakimwondoa dhalimu bila ya kujitayarisha, watampata dhalimu mwengine, na pengine atakuwa mbaya kuliko wa kwanza. Mwandishi huyu hakuwa mtu wa kuchoma moto maduka.

Wengine wamemtia aibu kuwa alichukua fikira katika kitabu cha mwandishi wa Kitaliani, Vittorio Alfieri, juu ya udhalimu. Yeye mwenyewe amemtaja katika kitabu chake. Na maneno ya haki ni mali ya muumini iliyompotea. Popote aionapo ana haki nayo.

SAFARI YAKE NA KUFA KWAKE

Mwaka mmoja kabla ya kufa alifunga safari ndefu ya kuzitazama hali za Waislamu, akapita Bara Arabu na kufika Bara Hindi. Na masimulizi ya maisha yake yanataja kuwa alipita pia pwani za Afrika ya Mashariki. Alirudi Kairo, na usiku mmoja wa mwezi wa Juni 1902, mwaka wa 1320 wa Hijra, baada ya kunywa kahawa pamoja na sahibu zake, alishikwa na maumivu makali, na usiku ule ule akafariki. Watu wengi wakaamini kuwa alitiwa sumu kwa mkono wa watu wa Sultani. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Khedive Abbas Hilmi akaamrisha azikwe kwa gharama yake, na mshairi mkubwa wa Misri, Hafidh Ibrahim, akatunga beti zilizoandikwa juu ya kaburi lake.

Miaka sita baadaye, Julai 1908, Sultani Abdul-Hamid alilazimishwa kuirudisha Katiba na kuita bunge. Al-Kawakibi hakuiona siku hiyo.

TUNAYOYAKUBALI NA TUSIYOYAKUBALI

Islahi si kumfuata mtu kipofu, hata akiwa mtu wa islahi. Katika Umm Al-Qura, Al-Kawakibi alitaka ukhalifa urudi kwa Waarabu wa Kikureshi, uwe Makka, wala khalifa asiwe na nguvu za utawala ila katika Hijazi. Wanachuoni wengi hawakukubaliana naye, na sisi wa pwani hii, ambao Waislamu wetu ni wa makabila mengi na rangi nyingi, tuna haki ya kuuliza: ikiwa istibdadi ni mbaya kwa kuwa inamtukuza mja juu ya mja, basi kulitukuza kabila juu ya kabila nako kunatofautiana nayo kwa nini? Tuyachukue yenye dalili katika maneno yake, na yasiyokuwa nayo tumrudishie mwenyewe kwa hishima.

Mbegu aliyoipanda haikupotea. Al-Manar, iliyokieneza kitabu chake, ilisomwa na wanachuoni wa pwani yetu. Na mwaka wa 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha hapa Mombasa gazeti lake la Al-Islah, akawasemesha Waislamu kwa lugha yao wenyewe juu ya ilimu, juu ya uvivu wao, na juu ya haki zao.

Sasa tujitazame sisi. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imesema kuwa mamlaka yote ni ya wananchi, ikafanya ushirikishaji wa umma kuwa miongoni mwa misingi ya utawala, na ikazithibitisha mahakama za kadhi. Kila mwaka kaunti huwaita watu waseme rai zao juu ya makisio ya fedha. Je, ndugu yangu, siku hiyo uko wapi? Na imamu wako yuko wapi? Tukingoja mpaka bomba la maji likauke ndipo tupige kelele, kisha uchaguzi ukija tukauza kura kwa kanga na kilo ya unga, basi sisi ndio mayatima tuliokataa kubaleghe, na walii hana haja hata ya kutuzuilia ilimu.

Na nasaha hii tuianze kwetu sisi masheikh, maana Al-Kawakibi alianza huko. Msikiti ambao hesabu zake hazisomwi mbele ya maamuma, madrasa ambayo kamati yake haikuchaguliwa na mtu, sheikh ambaye akiulizwa dalili hukasirika: hizo ni istibdadi ndogo, na ndizo zinazolea iliyo kubwa. Vipi tutamwambia gavana atoe hesabu ya mamilioni, na sisi hatujatoa hesabu ya sanduku la Ijumaa? Basi Ijumaa hii inayokuja, kila kamati ya msikiti ibandike mlangoni karatasi ya mapato na matumizi yake, na kila maamuma aisome, na asiyefahamu aulize.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdulrahman Al-Kawakibi, amlipe kwa kila mnyonge aliyemtetea, na atujaalie kuwa katika wale ambao mambo yao ni ya kushauriana. Amin.